Mbuzi wa Mama Lusungu na Ramani ya Mmomonyoko

Mbuzi wanane wa Mama Lusungu walipewa hadi Ijumaa wawe wamehama mtaani. Barua ya Mwenyekiti Ansbert ilisema kwato zao ndizo zilizokata korongo lililomeza njia ya kwenda kisimani. Kwato! Korongo ambalo watu wawili wakibebana mabegani ndani yake hawaonekani.

Mie nina kumbukumbu mbaya, mbaya kwa viongozi. Nakumbuka 2013 pale penye korongo palikuwa na mihogo na mikorosho, Kimbiji nzima wakija kununua kwetu. Nakumbuka 2017 lori la kwanza la mchanga lilipita, eti wa kujengea darasa, na darasa lenyewe hatujaliona mpaka leo. Tulikuwaga tukiuliza, Ansbert anajibu, "Hakuna shimo la mchanga kwenye mtaa wangu." Kauli hiyo imo kwenye mihtasari mitatu ya mikutano. Nakala ninazo.

Na hao mbuzi ndio wanaomsomeshea Mama Lusungu mjukuu wake uuguzi.

Basi nikanunua kompyuta ya mtumba Manzese, haina herufi M, nichore ramani ya kulianika hilo shimo. Chuo sikwenda, nilijifunza kwa video za mtandaoni, nyingine nikirudia mara tano. Programu ya ramani unaipa picha zilizopigwa kutoka angani, kisha unaigusia sehemu chache: hili shamba, hili pori, huu udongo ulioachwa uchi. Kwingine kote inapaka rangi yenyewe. Udongo ulioharibika nikaupa nyekundu. Nikaenda Mwananyamala kuichapisha, kubwa kama kitenge.

Alhamisi, mkutano wa mtaa. Mama Lusungu akaja na mbuzi wote wanane.

"Mama, mbuzi kwenye mkutano wa hadhara?" Ansbert akafoka.

"Mwenyekiti, mshitakiwa hahukumiwi akiwa hayupo."

Nikaitundika ramani. "Ndugu wananchi, tazameni wekundu huu! Mbuzi gani..."

Jamali, fundi baiskeli, akanyoosha mkono. "Profesa, hapo si msikitini kwetu?"

Nikatazama. Palikuwa msikitini.

"Na kanisa letu hili hapa," akasema Asifiwe, katibu wa mtaa. "Kwa hiyo tunasalia korongoni?"

Niliigusia programu udongo mwekundu wa shimoni, nayo ikashika kwamba kila chenye rangi ile ni udongo. Bati lenye kutu, udongo. Zahanati, udongo. Nusu ya mtaa tulikuwa tumeshamomonyoka na hatuna habari. Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Beberu naye alikuwa ameshakula pembe ya ramani.

Ansbert angekaa kimya tu, nilikuwa nimekwisha, na mbuzi wamekwenda buchani. Lakini akasogea kutafuta nyumba yake.

"Na hii?" Kidole chake kikatua kwenye paa jekundu. "Hii nyumba yangu!"

"Ndivyo programu inavyosema, Mwenyekiti. Eneo limeharibika vibaya."

"Bati la msauzi, la bei ghali! Rangi ya maruni! Nimeezeka mwaka jana, wewe unaliita mmomonyoko?"

"Nyekundu yote hapo imeungana," nikasema. "Ni kitu kimoja."

"Haijaungana!" Akampokonya Asifiwe kalamu. "Tazama, mbumbumbu wa video. Shimo linaanzia hapa, penye kisiki cha mkorosho. Malori yanaingilia huku. Wanachimba mpaka kwenye huu ukuta, nikawaambia mwisho hapo, nyumba yangu msiiguse. Kuanzia hapo ni bati. Bati!"

Akalizungushia shimo mstari mweusi, safi kuliko programu yangu.

Watu wakasogea kuutazama ule mstari.

"Shimo gani, Mwenyekiti?" Mama Lusungu akauliza kwa upole. "Hilo la kwato?"

Ansbert akautazama mkono wake wenye kalamu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Asifiwe alikuwa ameshatoa kalamu nyingine, anaandika muhtasari.

"Asifiwe, hilo usiandike."

"Nimeshafika kwenye malori, Mwenyekiti."

Amri ya mbuzi ikafutwa kwa kunyoosha mikono. Jamali alinyoosha yote miwili, hakuna aliyemzuia. Mama Lusungu akagoma kuondoka. "Maneno mie nimeyasikia sana," alisema. "Mhuri." Asifiwe akaandika barua ya kufuta amri, Ansbert akaipiga mhuri.

Mama akaisoma barua mara mbili, akaifunga ndani ya kanga mbali na beberu, akawaswaga wanane wake kwa njia ya nyuma ya nyumba ya Mwenyekiti. Sie wote tukamfuata, kwenda kuliona hilo shimo lisilokuwepo.