Mizinga ya Mzee Naftaly Ndani ya Kompyuta

Kikundi cha asali cha wanawake wa Gachoka kilikuwa na kompyuta moja, waliyoachiwa na watawa waliorejea kwao mwaka wa 1995, na katibu mmoja aliyeweza kuitumia, Ednah. Asubuhi hiyo alikuwa akitayarisha lebo za chupa. Mnunuzi kutoka Embu angefika adhuhuri, naye alikuwa amekwisha kusema waziwazi kwamba chupa isiyo na lebo hataipakia garini. Asali ambayo yeye hangeichukua ingemwangukia dalali wa sokoni, ambaye bei zake zilikuwa matusi.

Ni wakati huo Mzee Naftaly alipoingia kuazima kiti.

Naftaly alikuwa mrina asali. Alama ya familia yake, ambayo aliichoma kwa chuma cha moto kwenye kila mzinga, ilikuwa mraba mdogo wenye kitanzi katika kila pembe. Ednah naye alikuwa amefungua menyu. Upande wa kulia wa karibu kila amri palionyeshwa kitufe cha kubonyezwa pamoja na herufi fulani, ili mtu mwenye haraka asihangaike na kipanya. Kitufe hicho watengenezaji wa mashine walikuwa wamekichagulia ishara, kwa sababu wanazozijua wao: mraba mdogo wenye kitanzi katika kila pembe.

Mzee alikiachilia kiti. Aliuliza ni nani aliyeiweka mizinga yake humo ndani.

Ednah alimweleza kwamba hiyo ilikuwa ishara ya kitufe tu, kisha akafanya kosa la kumwonyesha kitufe chenyewe, ambacho nacho kilikuwa na alama ile ile. Naftaly aliipitia menyu kwa kidole kutoka juu hadi chini, kama mtu anayekagua miti yake. Herufi zilizofuata alama aliziona kuwa majina ya miti. Amri zilizofifia, ambazo mashine haikuziruhusu kwa wakati huo, alizitambua bila kuambiwa: hiyo ilikuwa mizinga ambayo nyuki hawajaiingia. Amri chache zisizo na alama alisema hazimhusu. Ednah angeweza kuzitumia apendavyo. Amri ya kuchapisha ilikuwa na alama.

"Mama Linda," alisema kwa upole uliotisha, "mzinga wenye alama ya mtu haufunguliwi na mtu mwingine. Wewe ni mtoto wa hapa. Unalijua hilo."

Ednah alilijua. Wanawake waliokuwa wakipangusa chupa mlangoni walilijua pia, na mikono yao ikasimama. Kubishana na Naftaly kungekula siku nzima, na jua lilikuwa likipanda. Ednah akainuka, akakifuta kiti chake kwa leso.

"Ni kweli, Baba Mwirigi. Basi rina mwenyewe."

Mzee akaketi. Ednah alimshauri abonyeze herufi ya kuchapisha. Yeye akajibu kwamba mti wa kuanzia huchaguliwa na mwenye mizinga. Akaweka kidole kimoja juu ya alama yake na kingine juu ya herufi iliyompendeza, akavishikilia kwa nguvu kama mtu aliyeshika tawi. Ukurasa mtupu ukafunguka. Juu yake ukafunguka mwingine, na mwingine tena, hata lebo zote zikafunikwa.

"Hongera," alisema Karimi, mweka hazina, kutoka mlangoni. "Mizinga imezaana. Asali ndiyo hatuioni."

Kurasa hizo zilipaswa kufungwa mmoja mmoja, na amri ya kufunga nayo ilikuwa na alama, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ednah alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, akimtajia herufi kwa adabu kamili. Jasho lilimtoka mzee. Kila alipofunga ukurasa mmoja, kidole kiliteleza na kufungua mbili.

Karimi alichungulia nje, kisha akarudi taratibu.

"Baba Mwirigi, wale mbuzi walioingia katika kunde zangu, alama iliyo masikioni mwao ni ya nani?"

Naftaly alinyanyuka nusu, akaketi, akanyanyuka tena. Alitazama skrini, akatazama mlango.

"Mama Linda, nakuachia mizinga hii uitunze. Lakini usiufungue wowote bila kupiga hodi."

"Nimekubali," alisema Ednah, naye alikuwa amekwisha kukalia kiti.

Oscar, mnunuzi kutoka mtaa wa Dallas mjini Embu, alipofika alimkuta katibu ameielekea kompyuta akisema "Hodi," wanawake wa mlangoni wakiitikia "Karibu" kwa pamoja, na printa ikitoa lebo baada ya lebo. Aliuliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyekuwa akipigiwa hodi.

"Mwenyewe," alijibu Ednah bila kugeuka. "Ametoka kidogo, amefuata mbuzi."

Oscar aliitazama mashine kwa muda. Kisha akavua kofia, akarudi nje ya kizingiti, na kabla ya kugusa sanduku la kwanza la asali, akapiga hodi.