Mwenyekiti wa Mikokoteni

Sekela alimpenda Watson kwa sauti kabla hajampenda kwa sura. Siku hiyo alikuwa ameshuka Tunduma kutoka Ileje na magunia yake ya maharage, akasikia mtu anawaimbisha wenzake wakisukuma mkokoteni wa saruji kuelekea upande wa Zambia. Sauti ilikuwa nene na tulivu, hata mzigo ukaonekana mwepesi. Alipogeuka amwone mwenyewe, akakuta kijana mfupi, masikio makubwa, shati limechanika begani. Akacheka. Watson naye akacheka, na mambo yakaishia kanisani.

Mwaka 2011 sauti hiyohiyo ndiyo iliyomfanya awe mwenyekiti wa wasukuma mikokoteni wa Tunduma. Hakuwa msomi. Kipaji chake kilikuwa kumjua kila mtu: mke wa nani kajifungua, mama wa nani anaumwa kule Ndalambo, nani kavunjika mkono. Akikusalimu, ulihisi umesalimiwa wewe na si mwingine.

Ndio mwaka guta zilipoingia kwa wingi. Pikipiki ile ya magurudumu matatu ilibeba kwa safari moja mzigo ambao mkokoteni uliumaliza kwa safari nne. Bashiri, mfanyabiashara wa mchele aliyehamia kutoka Kondoa, alinunua tano. Nyumba yake na ya akina Watson zilipakana ukuta kwa ukuta. Miaka mitatu nyuma, Sekela aliposhikwa na uchungu wa mwanawe Aida, Bashiri ndiye aliyempakia kwenye pikapu kumkimbiza hospitali, na Naila, mke wa Bashiri, akakaa naye siku mbili akimpikia uji wa pilipili manga.

Wasukuma mikokoteni wakaanza kushinda vijiweni bila kazi. Hapo akajitokeza Lusungu, mtu wa Ihanda mwenye duka la pembejeo na hamu kubwa ya udiwani. Alikuja nyumbani kwa Watson na mkate na sukari, akaketi karibu na mlango wa jikoni alikokuwa Sekela.

"Mwenyekiti, unawaambia nini watu wako?"

"Nawaambia tukawaone wenye guta, tugawane mizigo. Mikubwa yao, midogo yetu."

"Hiyo ni hoja nzuri ya kikao," alisema Lusungu kwa upole. "Lakini mtu haachi ugali wake akaingia barabarani kwa ajili ya kugawana. Anatoka akishajua nani kamdhulumu. Wape mtu mmoja, mwenye jina na nyumba. Halafu wape siku."

"Mtu yupi?"

"Unamjua. Si wa huku, wala si wa dini yenu."

Sekela alingoja mumewe aseme neno. Watson alifungua ile sukari, akatia kwenye chai yake.

Katika mkutano wa kwanza Watson alisema "wenye guta", watu wakapiga makofi. Katika wa pili akasema "wageni", wakasimama. Katika wa tatu alimtaja Bashiri, wakambeba juujuu. Alirudi nyumbani macho yanang'aa kama mtu aliyekunywa, na Sekela akaelewa kwamba mumewe hakuwa na chuki hata chembe. Alikuwa na kiu ya kusikilizwa, na kila alipoongeza ukali aliongezewa wasikilizaji. Bado alimbeba Aida mgongoni akimtembeza uani. Ila alikuwa hatazami tena ule ukuta.

"Baba Aida," Sekela alimwuliza, "Bashiri alikudhulumu lini?"

"Si yeye hasa. Ni namna ya kuwaunganisha watu."

"Mkishawaunganisha mnawapeleka wapi?"

"Jumatatu tunaandamana hadi ghalani kwake. Tutapaza sauti, basi."

"Na petroli ambayo kijana wako wa mkokoteni, Jairo, kaificha kwenye madumu, nayo ni ya kupaza sauti?"

Uso wa Watson ukamwambia Sekela kwamba hakuwa na habari. Alikaa kitako juu ya kinu. Akasema, "Sasa siwezi kuwaambia waache. Wataniita msaliti."

Sekela alimwekea chakula, akamshika shingo kidogo alipopita nyuma yake.

Jumatatu asubuhi alimwacha Aida kwa jirani yao Gwantwa, akaenda ghalani. Bashiri alikuwa amekataa kukimbia, na Naila amekataa kumwacha.

"Mama Aida, rudi nyumbani," alisema Naila.

"Nimeshafika, dada."

Wakaketi juu ya gunia la mchele mlangoni. Kiganja cha Naila kilikuwa baridi. Sekela akakifumbata katikati ya viganja vyake viwili.

Walisikia wimbo kabla ya kuona watu. Ulikuwa wimbo wa kusukumia saruji, ila maneno yalikuwa mengine. Watson alikuwa mbele. Alipomwona mkewe alisimama ghafla, lakini wa nyuma hawakujua kwamba wa mbele kasimama, wakamsukuma, akayumba hatua tatu kama mtu aliyezolewa na mto. Ndipo akaugeuzia mlango mgongo, akawatazama watu wake.

"Gwakisa," alisema, bila kupaza sauti. "Mwaka juzi upepo ulipoezua nyumba yako, mabati ulipewa na nani?"

Gwakisa akashusha fimbo aliyoishika.

"Lusubilo. Mama yako alipelekwa kuzikwa Mkwajuni kwa gari la nani?"

Wimbo ukafia njiani.

"Haya yote nilikuwa nayajua, na mimi ndiye niliyewasahaulisha. Nimewadanganya. Huyu mtu hajatudhulumu."

"Kanunuliwa," ilisema sauti katikati ya umati, na jiwe likaja. Lilimpata mdomoni. Watson aliishika miimo ya mlango huku damu ikimtiririka kifuani, akabaki wima, na wale wa mbele, walioiona damu ya mtu wao, wakaanza kurudi nyuma. Jairo na wenzake walikuwa wameshazunguka uani. Guta mbili ziliungua kabla askari hawajafika na kila mtu hajashika njia yake.

Lusungu hakuonekana. Asubuhi ile alikuwa amesafiri kwenda msibani Mbeya, na aliporudi aliwaambia watu kwamba yale yalikuwa mambo ya wahuni.

Watson alikaa mahabusu wiki mbili, akatoka bila uenyekiti na bila meno manne. Jairo alifungwa miaka miwili. Kila mwezi Watson alikwenda kumtazama, na mara mbili za kwanza Jairo alikataa kuonana naye.

Bashiri naye hakumsalimu kwa miezi minne. Aida aliingia na kutoka kwa Naila kama kawaida, akala pilau yao, lakini baba yake akipita, Bashiri aligeuza uso. Watson aliupokea ule mgongo bila kulalamika, na bado alisalimia kila siku.

Ijumaa moja Bashiri, akitoka msikitini, alisimama mlangoni kwao. "Baba Aida, ulisema sikuwadhulumu. Lakini nilipoleta guta, sikuwauliza mtakula nini. Mizigo ya humu sokoni chukueni ninyi. Guta zibaki na ya mbali."

Wafanyabiashara wengine hawakumfuata. Wengi wa wenye mikokoteni waliingia machimboni au kwenye bodaboda. Wachache walibaki, na Watson akabaki nao, akiimbisha kwa sauti iliyopenya pengo la meno na kupiga mluzi kidogo. Aida alimwigiza mpaka akakatazwa.

Mchana mmoja Watson na Sekela walikuwa wakikamua blanketi, yeye ncha hii, mkewe ncha ile.

"Siku ile," alisema Watson, "ulijuaje kwamba nitasimama?"

"Sikujua."

"Sasa ulikwenda kufanya nini?"

"Kukaa na Naila."

Watson aliacha kukamua, maji yakimdondokea miguuni.

"Vuta basi," alisema Sekela, na Watson akavuta.