Karafuu, Kijiko Kizima

Mwanga mzuri wa kupigia picha chakula uliingia jikoni mwao asubuhi tu, kabla jua halijajificha nyuma ya ghorofa la jirani. Mama Bonge aligeuza beseni la kufulia juu chini karibu na dirisha, akalitandikia shuka la mtoto, akatafuta upande usio na doa, akaweka bakuli la supu ya boga katikati. Simu akaiegemeza kwenye kopo la sukari. Bonge mwenyewe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama, alishika pindo la shuka akaanza kulivuta.

"Wee! Utanimwagia kazi yangu." Alimnyanyua kwa mkono mmoja, akapiga picha kwa mkono wa pili.

Picha ilitoka vizuri kuliko alivyotarajia. Hata mvuke ulionekana. Aliinama juu ya bakuli, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.

Hakuna kitu. Kama kunusa ukuta.

Blogu yake iliitwa Funua Sufuria. Kabla ya mtoto, hakuna wiki iliyopita bila yeye kuweka chakula kipya, na wasomaji walimpenda kwa jambo moja hasa: aliandika harufu mpaka mtu akasikia njaa akiwa kazini. Kitunguu kikigeuka kutoka ukali kwenda utamu, aliweza kukwambia ni wakati gani hasa. Kisha, mimba ikiwa kubwa, homa ya mafua ikamlaza. Homa ilipita, Bonge akazaliwa salama, mnene kama mkate, lakini pua haikurudi. Mama Bonge akanyamaza. Wasomaji walidhani ni mambo ya mtoto, naye akawaacha wadhani hivyo. Baada ya muda walitulia, isipokuwa mmoja aliyejiita Mpishi Mvivu, ambaye kila mara aliacha neno chini ya andiko la mwisho: "Dada, upo? Jiko langu limepoa bila wewe."

Ni maneno hayo yaliyomrudisha. Alijiambia kwamba mdomo haukufa wote. Chumvi bado aliisikia, na sukari, na ndimu. Pilipili ilimchoma kama kawaida. Karafuu nayo, ukiitia kwa wingi, ilifanya ulimi ufe ganzi, na ganzi ile ilikuwa kitu, kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila kitu. Kwa hiyo aliongeza karafuu ya unga kwenye supu, akaonja. Akaongeza tena. Ulimi ulipoanza kumsisimka, alikaribia kulia kwa furaha. Aliandika: karafuu ya unga, kijiko kizima cha chakula.

Lakini hakuwa mjinga, alikuwa na kinga yake. Funua Sufuria ilikuwa na sheria moja tangu mwanzo. Hakuna chakula kilichoingia kwenye blogu kabla mume wake, fundi wa mafriji, hajakionja akiwa amesimama. Ni yeye mwenyewe aliyeitunga sheria hiyo walipokuwa wachumba. Alisema mtu akishakaa mezani anakuwa mgeni, na mgeni hasemi kweli. Alikuwa anasimama pale mlangoni na mfuko wake wa spana begani, anaonja, anahukumu. "Chumvi imekimbia." "Huu wali unahitaji msaada wa polisi." Walikuwa wakicheka mpaka chakula kinapoa.

Jioni ya siku ile ya supu, alirudi amechoka. Alimchukua Bonge, akakaa kwenye kiti, akaonja.

"Tamu."

"Simama kwanza, baba. Sheria."

"Mwenzio nimepandisha friji ngazi zote zile, leo nisamehe. Tamu nakwambia. Tamu sana."

Akamaliza bakuli. Hata mama mkwe, aliyekuja kumwogesha mjukuu wake, alikunywa yake yote na kusema, "Ahsante, mwanangu." Mama mkwe ambaye aliwahi kurudisha chapati kwa sababu zilikuwa, kwa maneno yake, na huzuni! Hapo tu Mama Bonge alipaswa kushtuka. Hakushtuka. Mama mkwe alikuwa anamfuta mtoto kichwa kwa taulo, akamsogezea. "Hebu nusa hapa. Hakuna manukato duniani kama haya." Mama Bonge aliweka pua kwenye nywele za mwanawe, akatabasamu, akasema, "Eeh, kweli." Ndivyo alivyokuwa akisema siku zote.

Kesho yake akabonyeza kitufe, andiko likapanda.

Mwanzoni ilikuwa sherehe. "Amefufuka!" "Jamani, tulishafanya matanga." Mpishi Mvivu aliweka mstari mzima wa mioyo, akaandika kwamba wikendi hiyo wakwe zake wanakuja kwake kwa mara ya kwanza, na sasa hana wasiwasi tena. Mama Bonge aliyasoma hayo huku akimlisha Bonge uji, na kwa mara ya kwanza tangu homa aliimba jikoni.

Maoni yaliyofuata yalikuja taratibu. "Dada, hapo kwenye karafuu umekosea kuandika?" Halafu, "Hii ni supu au dawa ya jino?" Mtu mmoja akacheka, wengine wakamfuata. Aliyajibu yale ya kwanza kwa haraka kwamba hajakosea, ndivyo ilivyo, labda karafuu zao ni kali.

Kisha yakaja maneno ya Mpishi Mvivu, si kwenye maoni mbele za watu, bali kwenye ujumbe wa siri.

"Dada yangu, nimepika supu yako. Nimefuata kila neno, maana hujawahi kuniangusha. Baba mkwe alionja mara moja, akaweka kijiko chini, akauliza nani humu ndani ana jino bovu. Wote wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaenda chooni kulia. Sikulaumu, binadamu tunakosea. Ila nina swali moja tu. Uliionja?"

Mama Bonge alisimama na simu mkononi mpaka kioo kikazima chenyewe. Bonge alikuwa anapiga sufuria kwa mwiko, kelele tupu, naye hakumkataza.

Kulikuwa na supu aliyoigandisha. Aliipasha moto, akaimimina kwenye bakuli, akaenda nayo varandani, ambako mumewe alikuwa anatengeneza friji la mteja. Alikuwa amechuchumaa nyuma yake, mgongo wa friji ukiwa wazi, nyaya nje kama matumbo ya kuku.

"Simama," alimwambia.

"Kuna nini?"

"Simama uonje."

Alifuta mikono kwenye suruali, akasimama. Alionja. Mama Bonge alimwangalia usoni bila kupepesa, na kwa sababu alikuwa anaangalia hasa, aliliona: jicho la kushoto likijibana kidogo, koo likimeza haraka, kama mtu anayemeza kidonge.

"Tamu," alisema mumewe.

"Nimeweka kijiko kizima cha karafuu."

Chini barabarani mtu alikuwa anapiga honi bila sababu.

"Kimoja tu?" alijaribu utani. Haukumfikisha popote. Aliweka bakuli juu ya friji. "Mke wangu, ni kama nimelamba kabati la daktari wa meno."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Unakumbuka yale maharage? Bonge akiwa mchanga? Nilisema tu yameungua, kama ninavyosema siku zote, ukalia mpaka usiku. Mama akaniambia, mwanamke ametoka kujifungua, ufunge mdomo wako. Nikaufunga."

"Na mama?"

"Mama nilimfunga mdomo mimi. Ilikuwa kazi, si unamjua." Alikuna shingo, akaacha alama ya grisi. "Ukarudi kwenye blogu yako, ukawa unaimba. Nani angethubutu? Nilijiambia uzazi umekubadilisha mdomo, basi. Nitakula. Kuna watu wanakula vibaya zaidi ya hapo na wanazeeka."

Angekasirika, na alitaka kukasirika. Kuna mwanamke alilia chooni kwa sababu mtu huyu alitaka kuwa mwema. Lakini sentensi aliyoiandaa ilimgeukia yeye mwenyewe kabla haijatoka.

"Pua haijarudi," alisema.

"Uliniambia imerudi. Mtoto alipotimiza siku arobaini, uliniambia hapo kitandani."

"Nilikwambia."

"Kwa hiyo hayo maharage..."

"Sikujua kama yameungua. Ndiyo maana nililia. Si kwa sababu ulisema. Ni kwa sababu nilikuwa nimesimama juu ya sufuria muda wote, na sikujua."

Mumewe aliangalia bisibisi mkononi mwake kama kitu alichoazima na kusahau kurudisha. Kisha akauliza, polepole, "Hata Bonge?"

"Hata Bonge. Tangu azaliwe."

Mumewe alimkumbatia, grisi na yote, na wakakaa hivyo mpaka Bonge akatambaa hadi mlangoni, akaanza kula nati.

Kumwandikia Mpishi Mvivu kulimchukua muda mrefu kuliko andiko lolote la nyuma. Alianza kwa kueleza, akafuta. Alianza kwa kuchekesha, akafuta. Mwisho akaandika: "Niliionja, lakini sinusi. Sijanusa tangu kabla ya mwanangu kuzaliwa. Niliogopa kusema, na wewe ndiye uliyelipia kosa langu mbele ya wakwe. Nisamehe." Akatuma. Kisha maneno hayohayo, bila habari za wakwe, akayaweka juu ya supu, hadharani, kila mtu ayaone. Nani atasoma mambo ya chakula kutoka kwa mtu ambaye hajui kama nyumba yake inanukia au inaungua? Hakujua. Alama kwenye ujumbe ilionyesha kwamba Mpishi Mvivu ameshausoma. Jibu halikuja. Siku iliyofuata pia halikuja, na kwenye maoni wachache walimpa pole, mmoja akasema alihisi muda mrefu kwamba blogu hii ni ya uongo.

Hata hivyo, asubuhi mwanga uliingia tena dirishani. Aligeuza beseni, akatandika shuka. Safari hii aliweka karafuu kidogo tu, ncha ya kijiko, kiasi ambacho mdomoni mwake hakikuwa chochote kabisa. Kukiacha hapo, bila kuongeza, kulimuuma kama kuzima taa akiwa bado anasoma.

"Simama," alisema.

"Nimesimama." Mumewe alikuwa mlangoni, mfuko wa spana begani, tayari kwenda kazini. Alionja. Akaonja tena. Akamtazama mkewe, na kulikuwa na woga usoni mwake.

"Sema."

"Boga limeiva vizuri. Karafuu sasa iko mbali, kama mtu anapika nyumba ya pili. Iko sawa pale ilipo." Akasita.

"Sema, baba Bonge."

"Chumvi imekimbia. Na chini kumeungua, kidogo. Inanuka moshi."

Ilimchoma. Alikuwa amekoroga bila kupumzika, na bado. Aligeukia jiko, akakwangua chini ya sufuria kwa mwiko, na kweli weusi ukapanda. Akauangalia mpaka macho yakamjaa machozi, halafu akachukua simu, akaandika kama alivyoambiwa: moto uwe mdogo kuliko nilivyouweka mimi, mume wangu anasema inanuka moshi. Hakujua kama kuna mtu atakayesoma. Aliandika tu, kwa sababu lilikuwa neno la kweli la kwanza kuhusu harufu kwenye ukurasa ule kwa muda mrefu.

Mumewe alikuwa anatafuta kofia yake. Bonge alikuwa amekaa chini ya meza na ganda la boga, ameridhika na dunia.

"Subiri," alisema Mama Bonge. Alimnyanyua mtoto, akampeleka mlangoni. "Nisaidie kitu kimoja kabla hujaenda. Mnuse kichwani. Uniambie."

"Nikwambie nini?"

"Anavyonuka. Kweli kweli, si kama mama anavyosema."

Mumewe aliweka mfuko chini. Aliinama, akaweka pua kwenye utosi wa mwanawe, akavuta pumzi, akakunja uso akifikiri, kama anavyosikiliza mota ya friji.

"Sabuni," alisema. "Jasho kidogo. Nyuma ya sikio hapa, samahani, maziwa yaliyochacha, hukumwosha vizuri." Akanusa tena. "Na kuna kingine, sina jina lake. Kama mkate kabla haujaingia kwenye oveni."

"Unga uliochachuka."

"Ndiyo. Hiyo hiyo. Lakini wa moto."

Mama Bonge aliweka shavu pale alipoonyeshwa, nyuma ya sikio, akafumba macho. Unga uliochachuka alikuwa anaukumbuka.