Wageni wa Bi Obdulia Walivyolala kwa Jirani

"Mwizi wa wageni ni wewe, na leo mtaa mzima utajua!"

"Mwizi, mimi? Niwaibe wageni niwapeleke wapi? Nikawauze sokoni kwa kilo?"

"Umewaingiza kwako wageni wangu! Wangu, Herlinda! Waliolipia nyumba yangu!"

Ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu, saa sita mchana, Mtaa wa Galeana. Bi Obdulia alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi la kutoka Tepic, jicho moja lililopasuliwa hospitali limezibwa kwa pamba na plasta, mkoba bado uko begani. Bi Herlinda alikuwa amesimama mlangoni kwake na mwiko mkononi, na kwa mwili aliojaliwa mlango wote ulikuwa umejaa. Nyuma yake, uani, familia kutoka Guadalajara ilikuwa imekaa mezani ikisubiri samaki.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara kwenye meza yangu ya matunda, nakata mananasi na matango, nayapaka ndimu na pilipili. Sikuhitaji kusogea. Waliosogea ni wengine: fundi wa friji, mwenye duka la maziwa na mkewe, mabinti wawili wa saluni na mteja wao aliyekuwa na rangi nusu kichwa. Wiki hiyo mji wetu wa Las Tórtolas hujaa watu kutoka kila upande, lakini ugomvi wa wenyeji bado una wateja wake.

Nyumba zao zimepakana ukuta kwa ukuta. Ya Bi Obdulia ni ya ghorofa, nyeupe, ina baraza juu linalotazama bahari. Watoto wake walio Tijuana ndio walioijenga, na binti yake Nereida huipangisha kwa simu kwa watu wa likizo. Wageni wakija, Bi Obdulia huhamia kachumba kadogo cha nyuma, anawaachia nyumba. Ya Bi Herlinda ni ya chini, ya zamani, ina ua mpana, kuku, na jiko la nje ambalo moshi wake ndio saa ya mtaa.

Sasa, mwaka jana wageni walilalamika. Sisimizi kitandani, wakasema, na taa za ngazi haziwaki. Januari, Nereida akamwambia mama yake bila kuzunguka: "Mama, Pasaka hii nikipata lalamiko hata moja, tunauza. Utakuja kukaa na sisi." Dalali alishapatikana, na siku yake ilishapangwa, Jumatatu baada ya Pasaka. Bi Obdulia aliwahi kukaa Tijuana wiki tatu. Alituambia aliporudi: ghorofa ya nne, dirisha linatazama dirisha, na siku tisa zilipita bila mtu kumwita kwa jina. Alipokuwa akilisema hilo alikuwa anakula tikiti langu, na hakulimaliza.

Kwa hiyo alikuwa na haki ya kupiga kelele. Lakini na Bi Herlinda alikuwa na yake.

"Wewe mwenyewe ulinipigia simu," alisema. "Jumamosi, saa nne. Ulisemaje? Nataka useme mbele ya hawa."

"Nilisema daktari wa macho ameniongezea siku, presha imepanda. Wageni wakifika Jumapili, uwapokee."

"Uwapokee wapi?"

Bi Obdulia akasita. "Nyumbani kwako," akasema.

"Haya! Mmesikia? Nyumbani kwako! Kwangu! Na mimi nikawapokea kwangu. Kosa langu liko wapi?"

Mteja wa saluni akacheka mpaka rangi ikamdondokea shingoni. Wote tulishaelewa kilichotokea.

Huku kwetu mtu mwenye adabu hasemi "njoo kwangu." Anasema "njoo nyumbani kwako," na maana yake ni kwake yeye. Polisi akikuuliza unakaa wapi, unamjibu, "Kwako wewe, bwana, ni Galeana namba kumi na nne," na hakuna polisi aliyewahi kuhamia. Ni heshima tu. Lakini heshima hiyo ni ya mtu wa mbali. Kwa mtu wako wa jikoni, uliyekua naye, kwangu ni kwangu na kwako ni kwako, vinginevyo hata sukari hamtaazimana.

Na hawa wawili walikua pamoja. Ni makomadre: Bi Herlinda ndiye aliyemsimamia Nereida ubatizo, akamshika kichwa kwenye maji. Miaka yote wameitana "wewe shetani" na "wewe mzee mbovu" kupitia ukutani. Kisha ikaja Januari, tukakata mkate wa Wafalme, ule wa sikukuu ya Mamajusi, kwa Bi Herlinda. Mkate ule huokwa na kimdoli kidogo ndani, na kipande chako kikiwa na kimdoli, wewe ndiye utakayelisha watu tamali, yale maandazi ya mahindi yanayopikwa ndani ya majani, Februari. Siku hiyo tulikula mkate wote, watu kumi na wanane, na kimdoli hakikuonekana. Bi Herlinda akasema alimwona komadre wake akihamisha kitu shavuni. Bi Obdulia akasema bora afe kuliko kukaa nyumba anamoitwa mwongo kwa ajili ya tamali. Akachukua shali yake.

Kuanzia hapo wakaanza kuheshimiana, na hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya kweli. "Habari za asubuhi, Bi Herlinda." "Njema, Bi Obdulia, Mungu akulinde." Miezi miwili hivyo, mpaka ukuta wenyewe ulikuwa unasikia baridi.

"Nilikuwa naongea kwa heshima!" Bi Obdulia alisema sasa. "Mimi na wewe tulikuwa tunaheshimiana! Nyumbani kwako ni kwangu, kila mtu anajua!"

"Na mimi nitajuaje kwamba bado umeninunia? Mtu amenisusa tangu Wafalme, halafu ananipigia simu mwenyewe, mimi, si mwingine, sauti laini, ananiomba jambo. Nikajua yameisha. Na kama yameisha, kwako ni kwako na kwangu ni kwangu."

"Ufunguo wangu unao! Umening'inia jikoni kwako miaka ishirini! Hukujiuliza?"

"Nilijiuliza. Nikasema labda tangi limepasuka. Nikasema labda sisimizi wamerudi."

"Taja sisimizi tena, Herlinda. Taja."

"Ningekupigia kukuuliza," Bi Herlinda akasema, na sauti ikashuka kidogo, "nikaogopa utabadilisha mawazo."

Hapo mwenye duka la maziwa akamnong'oneza mkewe kitu, mkewe akampiga kiwiko.

Bwana Evaristo Luquín, baba wa ile familia, akatokeza kichwa nyuma ya bega la Bi Herlinda. Mtu mpole, kaptula mpya, pua imeungua jua. "Samahanini," akasema. "Tunataka kuelewa. Kwani hii siyo nyumba tuliyopanga?"

"Ile pale!" Bi Obdulia akanyoosha kidole kwenye baraza lake. "Ile nyeupe! Ile ya kwenye picha, mwanangu, hukuona picha?"

"Tuliona, mama. Mke wangu alisema siku ile ile, mbona baraza hakuna. Lakini huyu mama alitupokea akatuambia, 'Hapa ni nyumbani kwenu.' Tukaona aibu kubisha."

"Na bahari mliuliza, nikawaambia ipo," Bi Herlinda akasema. "Nani alisema haipo? Mkitoka mnaiona."

"Sisi tulidhani yeye ni mpishi," akaongeza Bwana Evaristo, "aliyekuja pamoja na nyumba."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwaamsha mbwa. Bi Herlinda hakukasirika. Tangu Jumapili alikuwa amelala kwenye bembea ya kamba jikoni, anapika mayai kwa maagizo, na mimi niliyemwona kila asubuhi akitoka kununua vitunguu naweza kusema alikuwa hajachangamka hivyo tangu wanawe waondoke.

Ndipo simu ikalia ndani ya mkoba wa Bi Obdulia. Akaitoa, akaileta karibu na jicho zima, akaisogeza mbali, akabonyeza alichokiona. Akabonyeza spika. Kwa hiyo Nereida akaingia Mtaa wa Galeana kwa sauti yote.

"Mama, sisemi sana. Wale wageni wameniandikia. Nimesoma mara mbili. Nilikuambia Januari, sikukuambia? Dalali anakuja Jumatatu. Anza kufungasha vitu vyako vidogo vidogo."

Bwana Evaristo akatazama viatu vyake. Plasta ya Bi Obdulia ilikuwa imeanza kulowa pembeni.

"Nerei," akasema, "hawakulala kwangu. Hawajaikanyaga nyumba."

"Mama, tafadhali. Mwaka jana uliniambia sisimizi walikuja na masanduku ya wageni."

"Kweli safari hii, mwanangu. Kuna watu hapa, waulize."

"Watu gani? Mashoga zako? Hao wataapa hata kwamba bahari ni maziwa."

Bi Obdulia akatugeukia. Mimi nilikuwa tayari kusema, na fundi wa friji pia, lakini binti alikuwa na hoja yake: sisi tungeapa. Mtaa huu kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Nereida asingemdhania kumpendelea mama yake mwaka huu, maana habari ya kimdoli ilifika Tijuana siku ile ile. Bi Obdulia hakumtazama mtu huyo. Alitazama lami.

Bi Herlinda alishuka ngazi zake mbili. Akachukua simu mkononi mwa mwenzake kama mtu anayemwondolea mtoto kisu.

"Nereida. Mimi mama yako wa ubatizo."

"Shikamoo, mama. Mmepatana?"

"Hilo si lako. Soma hayo waliyoandika. Soma kwa sauti."

"Mama, ni marefu..."

"Soma. Nina samaki motoni."

Tukasikia akikohoa. "'Jogoo anawika saa tisa alfajiri chini ya dirisha.'"

"Jogoo wangu," alisema Bi Herlinda.

"'Mlango wa choo haufungi, mtu anaushika kwa mguu.'"

"Mlango wangu. Tangu kimbunga kile."

"'Godoro la chumba kikubwa lina shimo katikati, mume na mke tunakutana tupende tusipende.'"

Mabinti wa saluni walikuwa wameshikana kwa kicheko. Bwana Evaristo alikuwa mwekundu hata pale ambapo jua halikumfikia.

"Godoro langu," Bi Herlinda akasema, mgongo umenyooka. "Shimo ni la marehemu mume wangu Tranquilino. Endelea."

"'Maji ya bafuni yana harufu ya yai.'"

"Kisima changu."

"'Hakuna baraza, hakuna kiyoyozi, kuku aliingia kitandani kwa mama mkwe.'"

"Kuku wangu, na alikuwa amezoea pale. Kuna jingine?"

"'Chakula hatujawahi kula kama hiki mahali popote.'"

"Na hicho changu," alisema Bi Herlinda. "Umesikia, binti? Kila ulichosoma ni cha kwangu. Mama yako alikuwa hospitali. Aliniambia vizuri, mimi ndiye niliyesikia vibaya. Kama unatafuta nyumba ya kuuza, uza yangu, ukimpata wa kuinunua baada ya kusoma hayo."

Kusema mbele ya mtaa kwamba choo chako hakifungi ni jambo dogo. Kusema "nilisikia vibaya," mwanamke huyu, ambaye ana miaka sitini na nne na kwa hesabu yake hajakosea tangu ubatizo, ni jambo ambalo mke wa mwenye maziwa alilisimulia mpaka Ijumaa Kuu, na aliambiwa anatia chumvi.

"Mama yangu yupo hapo?" Nereida akauliza.

"Niko," alisema Bi Obdulia.

"Dalali nitamwambia asije." Akavuta pumzi. "Mwaka huu. Lakini wageni wahamie leo, wamalize siku zilizobaki kwenye nyumba waliyoilipia. Na waniandikie upya."

"Watahama sasa hivi."

"Na jicho?"

"Jicho lipo," alisema Bi Obdulia, na akarudishiwa simu, akaizima kwa kubonyeza mara nne.

Umati ukaanza kulegea. Fundi akakumbuka friji ya mtu. Mteja wa saluni akakumbuka kichwa chake, akarudishwa mbio, maana dawa ile ina dakika zake. Bwana Evaristo na mkewe wakaanza kutoa mabegi, wakapita na mito na ndoo za watoto, na Bi Obdulia akawafungulia mlango wake mweupe. Kutoka barazani nikasikia watoto wakipiga yowe la kuona bahari yote kwa mara moja.

Aliyebaki ni mama mkwe, Bi Elpidia, mwanamke mkavu mwenye fimbo. Alisema yeye haondoki mezani kabla ya kula kwa sababu ya baraza, baraza aliliona ujanani. Mkwewe akambembeleza. Bibi akamwambia ahamishe masanduku, samaki hahamishwi. Mwisho wakarudi wote, watoto wakiburuzwa, wakakaa pale pale walipokuwa.

Bi Obdulia akabaki nje ya mlango wa Bi Herlinda, ufunguo kidoleni. Hakuwa na sababu ya kubaki. Wageni walikuwa na nyumba, nyumba ilibaki yake. Akaurekebisha mkoba begani, akaurekebisha tena.

Bi Herlinda alikuwa amerudi motoni. Alimgeuza samaki, mkubwa, aliyepasuliwa wazi, mwekundu kwa pilipili, akakung'uta majivu kwenye chapati za mahindi zilizokuwa zinavimba pembeni. Akaongea bila kugeuka, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Utasimama juani na jicho la kushonwa mpaka lini, wewe mzee mbovu? Ingia ule. Kichwa nimekuwekea."