Kurwa Anazidi Kukua

Baba mdogo alipofariki hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha diski za kompyuta. Zilijaa kwenye droo ya meza yake ya kazi, nyingine zimefungwa kwa mpira, nyingine zimeandikwa kwa wino mzito: "studio ya zamani", "harusi za watu". Alikuwa mpiga picha tangu ujana wake, na miaka yake ya mwisho aliitumia kuzipitisha picha zote za karatasi kwenye skana, moja baada ya nyingine, mpaka macho yakamgomea. Mjane wake hakutaka hata kuziona. Alizitia kwenye mfuko akampelekea Doto.

"Nusu ya picha zilizomo ni zenu ninyi wawili," alimwambia. "Zichukue, mwanangu. Mimi kila nikifungua ile droo moyo unanienda mbio."

Ninyi wawili. Ilikuwa miaka mingi Doto hajaitwa kwa wingi. Alikuwa na pacha wake, Kurwa, aliyetangulia kuzaliwa na akatangulia kufa, wakiwa katika umri wa kung'oka meno. Baba mdogo alikuwa akiwatumia kama tangazo: picha yao kubwa, magauni sare, nywele zimesukwa mistari ile ile, ilikaa kwenye kioo cha studio mpaka ikapauka kwa jua. Kurwa alipokufa ikaondolewa siku hiyo hiyo, na nyumbani kwao hakuna aliyetundika picha ukutani tena.

Moja ya diski zile ilikuwa inatoa mlio, tik, tik, kama kitu kinachogonga ukuta kikitaka kutoka. Mume wa Doto, fundi wa friji, aliiinua akaiweka sikioni.

"Hii inaaga," alisema. "Tukizubaa tutabaki na bati."

Ndipo akanunua kasha la kuhifadhia picha. Lilikuwa jeusi, dogo kuliko kiti cha mtoto, na mbele lilikuwa na nafasi mbili za kuingizia diski. Jumamosi asubuhi alilitoa kwenye boksi lake juu ya meza ya sebuleni, akaingiza diski mpya mbili, akazikaza kwa bisibisi, akavuta waya kutoka kwenye ruta ya intaneti mpaka nyuma ya kasha. Taa za kijani zikawaka. Mama yake Doto, aliyekuwa akiishi nao tangu magoti yaanze kumsumbua, alikuwa kwenye kochi akifuma sweta.

"Mbona mbili, mkwe wangu?"

"Zinafanana, mama. Kila kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye mwenzake, vile vile. Moja ikifa, nyingine inabaki na kila kitu. Unaweza usijue hata kama kuna iliyokufa."

Sindano za mama zikasimama. Fundi akajiuma ulimi.

"Samahani, mama. Mdomo wangu huu."

"Endelea na kazi yako, baba," mama alisema, akaanza kufuma tena, lakini safu ile ilibidi aifumue.

Diski za marehemu ziliunganishwa moja moja, wakianza na ile mgonjwa. Kazi ilikuwa ya kuchosha. Mstari wa kuonyesha zimehamia picha ngapi ulitambaa kama konokono, ukakwama, ukatambaa tena. Tik, tik ilisikika mpaka jikoni. Jumapili mchana diski ile ilitoa faili yake ya mwisho, ikakohoa, ikanyamaza moja kwa moja. Fundi akapiga makofi peke yake. Baada ya hapo akamwekea Doto programu kwenye simu, ili kila picha atakayopiga iende yenyewe kwenye kasha, popote alipo. Yaliyobaki, alisema, kasha litajifanyia lenyewe: litaondoa zilizojirudia, litazipanga kwa tarehe, litazipanga na kwa sura za watu.

Jumatatu Doto alirudi kutoka karakana wanakotengeneza meno bandia, kucha zake bado zina plasta, akafungua kompyuta. Sura zilikuwa zimepangwa kwenye viduara. Mumewe. Mama. Marehemu baba mdogo akiwa na kamera tumboni. Maharusi wasiojulikana. Na juu kabisa, duara la kwanza, yeye.

Alilibonyeza. Zilianza na kichanga kilichokunja uso, zikaishia na yeye wiki iliyopita akiwa na aproni ya kazini. Katikati mle walikuwemo wasichana wawili wa kioo cha studio, wameshikana mikono. Kasha lilikuwa limezungushia kila uso mstari wake, na nyuso zote mbili likaziita mtu mmoja.

Mumewe alichungulia begani kwake. "Kumbe nimeoa wawili kwa mpigo, na hakuna aliyeniambia!"

Doto hakucheka. Alichokiona ni kwamba kwa hesabu ya kasha lile, nyumba yao haikuwahi kufiwa na mtoto. Palikuwa na msichana mmoja, akakua, basi. Akaanzisha kundi jipya, akaandika Kurwa, akaanza kumtoa dada yake humo.

Alidhani ingekuwa kazi rahisi. Yeye hutazama vinywa vya watu siku nzima. Lakini wale watoto wawili walikuwa wameng'oka jino lile lile katika wiki moja. Alijaribu kujisaidia kwa kumbukumbu: Kurwa alikuwa akipenda kusimama kulia. Au ni kulia kwa mtazamaji? Kurwa alikuwa akiinamisha kichwa. Hapa wameinamisha wote. Alipokosa uhakika alikisia, na kila picha aliyokosea alikuwa anamzika mwenzake upya, au anajizika mwenyewe.

Kisha kasha likaanza kumsaidia. Lilimletea picha, na chini yake swali: Je, huyu ni Kurwa? Mara za mwanzo lilipatia, au alidhani limepatia. Akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Baada ya siku chache likaacha kuuliza, likawa linapanga lenyewe.

Jumatano ya wiki iliyofuata alifungua albamu ya Kurwa, akashuka nayo. Alifika pale ilipopaswa kuisha. Haikuisha. Alikuwepo msichana mwenye sare ya sekondari, kakaa kwenye benchi, kidevu juu. Akafuata mwanamwali amesimama mlangoni na kikapu. Halafu bibi harusi anayemcheka mtu aliye nje ya picha, kinywa wazi, meno yote nje. Halafu mwanamke mzima ameinua seti ya meno bandia kwenye mwanga wa dirisha, na huyo alipigwa mwezi uliopita tu.

Zilikuwa picha zake. Gauni la harusi alilijua, dirisha ni la karakana yao. Ila kadiri alivyozitazama ndivyo zilivyomteleza. Siku ya harusi yake alikumbuka viatu vilivyombana na jasho mgongoni. Hakukumbuka kucheka hata mara moja. Huyu hapa alikuwa anacheka kama mtu aliyepewa dunia nzima.

Akazirudisha zote kwenye albamu yake. Kesho yake zilikuwa zimeondoka tena, zimefuatana na nyingine. Mchana huo mfanyakazi mwenzake alimpiga picha wakila, kwa simu yake Doto. Jioni alipofika nyumbani, picha ilikuwa imemtangulia. Ilikuwa kwa Kurwa. Kwenye albamu ya Doto zilibaki picha za vitambulisho, picha moja akiwa hospitali na dripu mkononi, na za msibani.

"Ni hesabu tu, mke wangu," fundi alisema. "Inapima macho, pua, kidevu. Umeifundisha vibaya, na yenyewe inarudia makosa yako."

"Mbona inampa zile nzuri?"

"Zipi hizo nzuri?"

"Zote ambazo nimecheka."

Fundi alivuta kiti, akapitia albamu ya kwanza, akapitia ya pili. Alikuna shingo. "Jumamosi nitaifuta sehemu hii ya sura, ianze upya," alisema mwishowe, na usiku kucha alilala amemshika mkono.

Ijumaa umeme ulikatika karakanani, wakaruhusiwa mapema. Nyumbani umeme ulikuwepo. Doto aliingia sebuleni na kukuta televisheni imewashwa bila sauti. Fundi alikuwa amemwonyesha mama jinsi ya kuangalia picha za kasha kwa rimoti, ili asichoke kukaa peke yake. Kwenye kioo kile kikubwa Kurwa alikuwa anapita taratibu: benchini, mlangoni, harusini. Sweta la mama lilikuwa limeanguka sakafuni.

"Mama, huyo ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Basi mbona umefungua za Kurwa?"

Mama hakugeuka. "Kaa, mwanangu."

Doto akakaa. Mama akaiacha picha ya harusi isimame.

"Mlilazwa pamoja. Wodi ilikuwa imejaa, wakawalaza kitanda kimoja, mmoja kichwani mwingine miguuni. Nguo zenu wakawavua, wakawavika za hospitali. Mimi nilikuwa nyumbani na homa hiyo hiyo, sijiwezi. Baba yenu ndiye aliyekuwa nanyi. Akaja kuniambia Kurwa ametutoka. Nikamwuliza, una hakika ni Kurwa? Akanitazama kama nimemtukana. Wewe ulikuwa bado hujitambui. Tukazika."

"Haya unanieleza leo, mama?"

"Ulipofumbua macho nilikuwa nimeshapata nafuu, nimekaa kando yako. Unajua neno lako la kwanza? Uliniuliza, 'Doto yuko wapi?'"

Feni ya dari iliendelea kuzunguka. Nje mtu alikuwa anaburuta geti.

"Nilikuwa na homa," Doto alisema.

"Ndivyo alivyosema baba yako. Akakwambia, wewe ndiye Doto, mwanangu, homa imekuchanganya. Ukamtazama kwa muda mrefu. Kisha ukasema, 'Haya.'"

"Haya tu?"

"Haya tu. Hukuuliza tena."

"Na wewe ulimwona nani, mama?"

"Nilimwona mtoto aliye hai." Mama aliiweka rimoti pajani. "Mlipenda kubadilishana majina. Mlikuwa mkimchezea baba yenu mdogo kutwa nzima, mpaka anawapigia magoti mumwambie nani ni nani. Pengine na siku ile mliyougua mlikuwa katikati ya mchezo. Sijui. Nimekaa na kutojua huko mpaka kumezeeka pamoja nami. Leo naona mashine imemkuza mwenzako mpaka ameolewa, nikasema, acha nimtazame kidogo."

Doto alijaribu kurudi kwenye ile wodi. Alichokipata ni unyayo mdogo karibu na shavu lake, wa moto kama pasi. Kisha ule ule unyayo, si wa moto. Alijua alikuwa ameusukuma. Hakujua alikuwa amelisema jina gani wakati akiusukuma. Alishuka kwenye kochi akakaa sakafuni, akaegemea magoti ya mama yale mabovu, na mama akaweka mkono kwenye nywele zake. Wakakaa hivyo, mbele ya bibi harusi anayecheka.

Jumamosi fundi alifungua kompyuta, akakunja mikono ya shati. "Haya, nafuta."

"Usifute," Doto alisema. "Waunganishe."

"Si ndiko tulikotoka?"

"Waunganishe tu."

Akachagua albamu zote mbili. Kasha likauliza: Je, hawa ni mtu mmoja? Fundi alimsogezea mkewe kompyuta, abonyeze mwenyewe. Kidole cha Doto kilikaa juu ya kitufe. Mama alikuwa kwenye kochi, amefumba macho, lakini mikono yake ilikuwa imekamatana.

Akabonyeza ndiyo.

Taa za kasha zikacheza, zikatulia. Viduara viwili vikawa kimoja, kuanzia kichanga kilichokunja uso mpaka mwanamke wa karakana. Kwa kuwa albamu iliyokuwa na picha nyingi zaidi ndiyo iliyomeza nyingine, chini ya duara lile palibaki jina moja: Kurwa.

"Nibadilishe?" fundi aliuliza, sauti ya chini. "Ni kuandika tu."

Doto alimrudishia kompyuta. "Liache kwanza."

Wiki ikapita, na nyingine. Hakuna aliyeligusa. Asubuhi moja Doto alikuwa anaosha vyombo, na fundi yuko juu ya ngazi akibadilisha balbu ya jikoni, mama akaita kutoka chumbani kwake.

"Kurwa!"

Fundi aliganda, balbu mkononi.

"Abee, mama," Doto akaitika. Lilimtoka kabla hajafikiri, jepesi, kama pumzi.

"Niletee miwani yangu."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaichukua miwani juu ya friji, akampelekea. Aliporudi fundi alikuwa ameshuka, amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa, anamtazama mkewe kama mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona.

"Na mimi nikuiteje sasa?" alimwuliza, na hakuwa anatania.

Mkewe akasimama mbele yake, viwiko bado vimelowa maji.

"Niite vile ulivyozoea," alimwambia. "Ila siku nikichelewa kuitika, usikasirike."