Mkasi Kwenye Kompyuta

Ukimpa kitambaa, Mama Pindo ni mtulivu. Ukimpa simu, hana breki. Asubuhi hiyo shangazi yake alimtumia ujumbe: "Ukiona alama ya mkasi kwenye kompyuta yako, hicho ni kirusi! Ifute kabla ya saa sita, la sivyo kitakula kila kitu. Watumie wote uwapendao." Kabla hata hajameza mate, akamtumia mdogo wake, fundi cherehani kama yeye, mwenye duka mtaa wa pili.

Ndipo akageukia kompyuta yake. Mkasi huo hapo, mwekundu, umetulia kama mwenye nyumba. Kidole kikaenda kwenye kitufe, kikasita. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukata kitambaa bila kwanza kumpigia mteja na kumsomea vipimo vyake. Akaona haya kufuta kitu asichokijua.

Akampigia shangazi. "Nani kakwambia habari hizi?"

"Mjomba wako, mwanangu. Na yule hana utani."

Mjomba akasema ameupata kwa binamu. Binamu akashangaa: "Mimi? Si shangazi ndiye aliyenitumia!" Ujumbe ulikuwa umezunguka ukoo mzima, na hakuna hata mmoja aliyejua ulikoingilia.

Mwisho akampigia fundi wa kompyuta, ambaye alicheka mpaka akakohoa. "Mama, huo mkasi niliuweka mimi mwenyewe! Ndiyo alama mpya ya programu yako ya vipimo. Ukiufuta, umewafuta wateja wako wote."

Mama Pindo akashusha pumzi. Halafu akakumbuka: mdogo wake! Programu yao ni ile ile, na huko kulikuwa na vipimo vya sare za wauguzi thelathini na wawili, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata binti yule. Akatoka mbio, utepe wa kupimia shingoni, kiatu kimoja mguuni.

Alimkuta mbele ya kompyuta, simu sikioni, uso umemkunjamana.

"Umefuta?"

"Nifute nini, dada? Nimekupigia mara sita, simu inatumika tu! Si wewe uliyenifundisha nisikate kitu kabla sijaongea na mwenyewe?"

Mama Pindo alijibwaga kwenye kiti, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Haya, mwenyewe ndiye mimi," alisema alipopata pumzi. "Usikate."