Gari Lisilosumbua

Gari la Arvo Kettula lilifia mbele ya duka la maandazi, asubuhi moja ya Oktoba, likiwa limebeba mabomba, feni mbili na boksi la maandazi yale ya mji wao, Thunder Bay, yanayopakwa sukari ya rangi ya waridi. Fundi wa gereji aliingia uvunguni, akaguna, akatoka akijifuta mikono. Alisema sakafu imeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na injini inakunywa oili kuliko petroli. Arvo alimpa andazi moja kwa usumbufu wake, akarudi nyumbani kwa miguu.

Biashara yao ilikuwa ya watu wawili. Mkewe, Raili, alipokea simu za wateja jikoni, na Arvo alizunguka akitengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto. Kwa mji ule hiyo si kazi ya kuchezea. Mtambo ukizima Januari, kufika asubuhi maji yameganda ndani ya mabomba na bibi wa watu amelala na koti na kofia. Fundi asiye na gari la kuaminika wakati huo hana kazi nyingine ila kukaa dirishani kuangalia theluji.

Kulikuwa na njia nyingine, na wote wawili waliijua. Kampuni kubwa ya mitambo ya joto, ile yenye magari meupe, ilikuwa imeshampigia Arvo simu. Wangempa gari, shati lenye jina lake kifuani, na zamu. Raili hakutaka hata kusikia. Wanaume wa mtaa wao waliokwenda huko walionekana kwa nadra, na wakionekana walikuwa wanasinzia, hata kanisani, hata kwenye harusi za watoto wao.

"Ukivaa lile shati nitakuwa mjane mwenye mume," alimwambia.

Arvo alicheka, lakini hakubisha. Kwa hiyo ilibidi wapate gari kabla ardhi haijaganda, na siku ya pili wakaenda kwa Gino Battaglini, anayeuza magari yaliyotumika karibu na njia ya reli.

Magari ya kazi yalikuwa yamepangwa uwanjani, pua zikitazama barabara, na puani mwa kila moja ukining'inia ule waya wa kuchomeka ukutani usiku ili injini isigande. Na kila gari lilikuwa na mtu wake kwenye kiti cha mbele, upande wa abiria. Hao walikuwa madereva wa mwisho wa magari hayo. Walikuwa wamekufa. Gino hakuwaficha wala hakuwatangaza. Aliwaacha walipo kwa sababu hakuna aliyelijua gari kuliko wao, na mnunuzi mwenye akili alipenda kuwauliza.

"Shemeji Raili!" Gino aliita akitoka ofisini na sweta lake la kijani. "Umekuja mwenyewe! Basi leo siuzi takataka."

"Jaribu tu uone. Nitamwambia mkeo ulivyocheza kwenye harusi ya jirani yetu Eila."

"Ee bwana, twende huku nyuma. Mazuri yako nyuma."

Gari la kwanza lilikuwa na kijana aliyekuwa akitafuna mbegu za alizeti. Shingo yake ilikuwa imepinda kidogo, kwa kuwa alianguka kutoka kwenye paa la shule akisafisha bomba la moshi. Alishusha kioo kabla hawajagonga.

"Gia ya tatu inateleza, mzee," alisema. "Usilichukue. Wamepaka rangi tu."

"Ahsante, kijana," Arvo alisema. "Pole na shingo."

"Nimeshaizoea."

La pili lilikuwa zima isipokuwa mlango wa nyuma, ambao uliganda kila asubuhi na kufunguka mchana. Dereva wake, mtu wa ndevu, alieleza hayo kwa kirefu, maana hakuwa amepata mtu wa kuongea naye tangu Agosti. Raili ndiye aliyegundua kwamba kijana wa mbegu na mtu wa ndevu walivaa shati moja, lenye jina kifuani. Alitazama ubavuni mwa gari, akaona pale ambapo maandishi yalibanduliwa.

"Wote hawa ni wa kampuni ile, Gino?"

"Kila vuli wananiletea. Magari safi, shemeji, sikudanganyi. Kila mwezi gereji: oili, breki, betri, kila kitu. Hawana mchezo na gari wale."

"Na dereva?"

"Dereva ana miguu. Akitaka daktari si aende mwenyewe?"

Hakusema kwa ubaya. Gino alikuwa mtu mwema aliyeuza magari, na swali lilikuwa juu ya watu, si magari.

Mwishoni mwa mstari kulikuwa na gari jeupe lililong'aa, na ndani yake jitu la mtu lililokumbatia chupa ya chai. Jina kifuani lilikuwa Orest Hnatiuk. Arvo aliwasha injini, akasikiliza. Alilala chini, akatazama uvungu, akainuka na uso wa mtoto aliyepewa zawadi. Hapakuwa na kutu hata ya kutafuta.

"Limewahi kukusumbua?" alimuuliza Orest.

"Hata siku moja," Orest alisema. "Baridi iwe ya namna gani, uwe umechomeka waya au umesahau, linawaka. Mimi niliishia barabara ya Nipigon. Nilikuwa nimefanya kazi tangu juzi yake, zamu juu ya zamu, nikaona nifumbe macho kidogo. Moyo ukasimama, injini ikaendelea. Waliponikuta asubuhi bado lilikuwa linanguruma, na ndani kuna joto safi."

"Mnasikia?" Gino alisema. "Usiku kucha!"

Raili alikuwa ameshasogea hadi kwenye uzio. Hapo kulikuwa na gari moja lililopakwa upya rangi ya kijani, limeegeshwa upande kama mtoto aliyeadhibiwa, na kiti chake cha abiria kilikuwa kitupu.

"Hili mtu wake yuko wapi?"

"Lorne? Yuko ziwani anavua samaki," Gino alisema. "Hilo achana nalo, shemeji. Ni balaa. Likisikia baridi tu linazima. Lorne alikuwa kila wiki ameketi kwenye mkahawa fulani anakula mayai, anangoja gari la kuvuta. Kampuni ikachoka, ikamfukuza. Sasa ni mlinzi wa shule, amenenepa huyo!"

Raili aliweka mkono juu ya boneti ya gari la kijani. Alisema wachukue hili.

"Hilo gari la kukaa kijiweni?" Arvo alicheka mpaka akakohoa. "Raili, mama, sisi tunatafuta gari la kufanyia kazi."

"Nimekusikia. Na mimi natafuta mume wa kukaa naye."

"Nikiwa nalo hilo, Krismasi utakuwa na mume wa kukaa naye bila chakula. Halafu nitavaa lile shati. Ndicho unachotaka?"

Hilo lilimuuma Raili, kwa sababu alijua kuwa Arvo hasemi uongo. Wakachukua gari la Orest, pamoja na Orest mwenyewe. Gino aliwapungia mkono mpaka barabarani, na Orest, ambaye alilelewa vizuri, alimwomba Raili radhi kwa kukalia upande wa dirisha.

Baridi ilipoingia, ilishuka hadi pale kope zinaposhikana kwa barafu. Magari ya mtaa mzima yaligoma, yakiwemo yaliyochomekwa usiku kucha. La Arvo liliwaka kila alipogusa ufunguo. Orest aliketi pembeni na kumwelekeza njia za mkato, maana alikuwa ameingia katika vyumba vya chini ya nyumba, inamokaa mitambo, vya nusu ya mji. Wateja walimzoea. Wengine walitoa vikombe viwili vya kahawa, na cha Orest kilipoa mezani bila kuguswa, akashukuru vilevile.

Habari zilienea kwamba gari la Kettula halina siku mbaya. Simu zikaongezeka. Walipiga wateja wao, kisha jirani za wateja, kisha watu ambao kampuni kubwa iliwaambia wangoje hadi wiki ijayo. Raili ndiye aliyepokea. Alisikia meno yao yakigongana. Utamwambia nini mama anayekueleza kwamba amemwingiza mtoto mchanga ndani ya sweta lake? Raili alisema, "Ndiyo, anakuja," na Arvo akaenda.

Hapa niseme kuhusu Jumamosi. Nyuma ya nyumba yao kuna sauna iliyojengwa na babu yake Arvo, kibanda cha mbao chenye jiko la mawe. Kila Jumamosi jioni wanawasha, wanaketi juu ya ubao, wanamwaga maji kwenye mawe, wanatoka jasho, wanaoga. Wote wakishamaliza, mtu mmoja humwaga kata moja ya mwisho na kufunga mlango kwa nje. Mvuke huo wa mwisho si wa walio hai. Ni wa wale wasioonekana wanaolinda nyumba, na wa marehemu wa ukoo. Aliye hai haogi humo. Wafini wa Thunder Bay, wajukuu wa wahamiaji, wamesahau mengi, pamoja na nusu ya lugha yao, lakini hilo hawajalisahau.

Arvo hakuwahi kukosa Jumamosi. Mwaka wa mafua makubwa aliingia akiwa anatetemeka, akatoka amepona. Sasa alianza kuchelewa. Mwanzoni alimkuta mkewe bado amekaa ubaoni anamngoja. Baadaye alimkuta ameshaoga, anasuka nywele jikoni. Orest alikuwa na ruhusa ya mvuke wa mwisho, jambo ambalo Raili alilipanga tangu wiki ya kwanza kwa kuwa mgeni ni mgeni. Basi Jumamosi moja ya Januari Arvo aliteremka garini, vidole vyeupe kwa baridi, akapita moja kwa moja hadi kwenye sauna nyuma ya Orest.

Raili alitoka na kandambili kwenye theluji.

"Arvo! Huo si wako!"

"Nimeganda, mke wangu," Arvo alisema akivua buti. "Joto ni joto."

"Mama yako angekusikia!"

"Mama yangu yumo humo ndani. Kaniambia nifunge mlango."

Orest aliangalia pembeni kwa aibu. Mlango ukafungwa. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyohivyo, na iliyofuata. Raili aliacha kupiga kelele, akawa anaweka mataulo mawili kwenye msumari. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga, na hakuna kati ya hivyo kilichomsaidia kulala.

Siku moja alipeleka chupa ya chai garini wakati Arvo akipakia mabomba. Kiti cha mbele cha gari lile ni kirefu, cha kukaa watatu. Tangu siku waliponunua gari Orest alikuwa amekaa dirishani. Sasa alikuwa katikati, magoti yamebana kwenye gia, na nafasi ya dirishani ilikuwa wazi.

"Mbona umesogea, Orest?"

Orest alizungusha kifuniko cha chupa yake. Alionekana kutamani aulizwe kitu kingine.

"Nimeona niache nafasi mapema, mama," alisema. "Mimi ni mnene. Saa yake ikija ghafla nitamsumbua."

Jioni hiyo Raili alizungumza na mumewe. Hakupaza sauti. Alimwambia alichokiona na alichoambiwa, na Arvo alisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu. Alikubali. Alisema hata yeye ameona kwamba siku hizi Orest anamwachia nafasi nzima ya dirishani. Jumamosi hatachukua kazi yoyote, na Jumatatu watalirudisha gari kwa Gino na kuulizia lile la kijani. Lilikuwa bado pale kwenye uzio. Hakuna aliyelitaka.

Jumamosi ilifika. Arvo alikaa nyumbani tangu mchana, akapasua kuni mwenyewe, akawasha jiko la mawe mapema. Raili alioka mkate wa iliki. Saa kumi na mbili walikuwa wamesimama jikoni, kila mmoja na taulo lake begani, wanachekana kama watu waliotoroka shule. Dirishani, theluji ilikuwa imetulia, na moshi wa sauna ulipanda wima.

Simu ikalia.

Waliiangalia. Ililia mpaka ikakatika, ikaanza tena. Raili aliinua mkono wa simu kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea. Aliyepiga alikuwa mwanamume, nyumba iko nje ya mji, mbele ya kijiji cha Kakabeka, mtambo umezima tangu alfajiri. Kampuni ilisema Jumanne. Alizungumza kwa adabu, akaomba radhi kwa kupiga Jumamosi, na nyuma yake mtoto alikuwa anakohoa, kikohozi kile kidogo, kikavu, kisicho na nguvu.

Raili aligeuka. Alimtazama Arvo. Arvo naye alikuwa amesikia kikohozi, maana jikoni palikuwa kimya. Polepole alitoa taulo begani, akalikunja, akaliweka juu ya kiti.

"Haloo?" mtu wa Kakabeka alisema. "Mama, upo?"

"Nipo," Raili alisema. "Yuko njiani."

Alijaza chai kwenye chupa, akamfunga mumewe skafu shingoni, akaikaza kuliko ilivyohitajika. Aliona kupitia dirisha Orest akijibana zaidi kuelekea kwenye gia. Waya wa kuchomeka ulikuwa unaning'inia puani mwa gari, haukuchomekwa tangu Alhamisi, na usiku uliopita ulikuwa wa baridi kuliko usiku wowote wa mwaka ule.

Arvo akazungusha ufunguo, na gari likawaka.